Gildi ya watu wenye kazi zao ikae mji gani? Jinsi ya kuchagua makazi ndani ya Albion Online

Maelezo haya ni ya viongozi wa gildi ndogo, yaani makundi ya wachezaji, za Albion Online, gemu la mtandaoni la watu wengi; zile ambazo watu wake wanaingia saa tatu usiku wakiwa wameshafunga kazi, wameshakula, na bando limebaki kidogo. Gildi kubwa zina makamanda na majedwali yao, hazina haja nami. Mimi nina steshenari hapa Lindi mjini. Mchana natoa kopi, nalaminisha vyeti na kujazia watu fomu za maombi ya kazi. Usiku naongoza gildi ya watu ishirini na kitu. Jina lake siliandiki, maana kuna watu hatujamalizana nao kule kanda nyekundu, sehemu ya hatari ndani ya gemu.

Watu wangu wametawanyika. Mwalimu yuko Newala, nesi anafanya zamu Mtwara, vijana wawili ni wa bodaboda Mikindani, binamu zangu wako Mtanda na Mitwero, kuna wanachuo wa Mtwara ambao wakati wa mitihani hatuwaoni, na kuna fundi simu wa Masasi, ndiye pekee mwenye kompyuta ya maana. Wengine wote tunacheza kwa simu. Gemu hili halina kiingilio tangu Aprili 2019 na lilitoka rasmi kwenye simu Juni 2021, ndiyo maana limefika mpaka kijiweni Mikindani. Hata primiamu, ule uanachama wa kulipia, huhitaji kadi ya benki: unabadilisha silva yako, pesa ya ndani ya gemu, kuwa dhahabu humohumo ndani, dhahabu inalipa primiamu.

Sasa, gildi ya namna hii ikitafuta mahali pa kukaa, watu hukimbilia kuulizana mji gani una faida kubwa. Subirini kidogo. Kuna mambo mawili yanatangulia mji.

Seva na saa zenu

Albion ina seva tatu. Ya Amerika ndiyo ya zamani, ya Asia ilifunguliwa Machi 2023 na mitambo yake iko Singapore, ya Ulaya ilifunguliwa Aprili 29, 2024 na iko Amsterdam. Akaunti ni moja lakini mhusika wa seva hii haendi seva ile, wala mali zake hazimfuati. Kwa hiyo mkikosea hapa, mnaanza na shoka la mbao upya. Mji mtauhama mkitaka, seva hamuihami.

Wengi wanaangalia pingi peke yake, yaani muda wa mtandao kwenda kwenye seva na kurudi. Pingi ni muhimu, kila mtu atengeneze mhusika kwenye seva zote tatu na atembee nazo jioni, siyo saa nne asubuhi mtandao ukiwa mweupe. Lakini angalieni na saa. Saa tatu usiku ya kwetu, Singapore ni saa nane usiku, watu wamelala. Upande wa mashariki wa Marekani ni mchana, saa saba au saa nane, watu wako makazini. Amsterdam ni saa moja au saa mbili jioni kutegemea majira yao, yaani nao ndiyo kwanza wametoka kazini kama ninyi. Kwa gildi ya jioni hiyo ina maana soko lina watu, mapango yana wenzenu wa kuingia nao, na mkihitaji mtu wa kuwauzia ng'ombe wa kubebea mizigo hamtangazi mpaka mkachoka. Ramadhani ndiyo inabadilisha kidogo: kwetu watu wanaingia baada ya tarawehe na wengine wanapitiliza mpaka daku, saa ambazo Ulaya wanapungua. Sisi mwezi ule tunavuna kwa raha, hakuna wa kugombania naye.

Seva ya Ulaya ina kasoro ambayo si yake. Jumapili ya Mei 12, 2024, wiki mbili tu tangu ifunguliwe, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hakuna mji ndani ya Albion unaoweza kutibu jambo kama hilo. Ila andikeni mapema kanuni ya gildi: intaneti ikipotea nchi nzima, hakuna anayefukuzwa kwa kutoonekana, na kodi ya gildi haidaiwi na mtu.

Hesabuni wanaoingia kweli

Orodha ya gildi inaruhusu watu mpaka 300. Idadi hiyo isikusumbue. Fungua orodha, angalia nani ameingia ndani ya wiki mbili zilizopita, na saa ngapi. Hao ndio gildi. Waliobaki ni majina, hata kama ni shemeji zako.

Kisha waulize kitu kimoja tu: jana ulifanya nini ndani ya gemu? Usiwaulize wanapenda nini. Ukiuliza wanapenda nini, kila kijana atakwambia anapenda vita. Ukiuliza jana alifanya nini, utasikia "nilikata miti nikachoka nikalala", na mwingine "nilivuna karoti". Kwetu majibu yalipokuja, zaidi ya nusu walikuwa wakata miti, watatu wachunaji wa ngozi, mwalimu ni mtu wa kutengeneza pinde na panga, nesi ni mganga wa kundi tukienda mapangoni, na vijana wa Mikindani ndio walinzi kwa sababu wanapenda kufukuzana. Mji utauchagua kwa majibu hayo.

Hapa nina msimamo na sibanduki: mji upimwe kwa mtu mwenye muda mdogo kuliko wote. Kila gildi ina mtu wa dakika arobaini. Kwetu ni nesi. Akitoka zamu ana dakika arobaini kabla macho hayajafumba. Kama dakika ishirini kati ya hizo ni kupanda farasi kutoka mjini kwenda sehemu ya kazi na kurudi, huyo mmeshampoteza, ni suala la muda tu. Fundi wa Masasi mwenye kompyuta na saa tano za kukaa atacheza hata mkimweka wapi.

Miji mitano, na kwa nini mtu wa Kusini anaielewa haraka

Miji ya kifalme ni mitano, imezunguka kama duara: Martlock, Thetford, Fort Sterling, Lymhurst, Bridgewatch, kisha unarudi Martlock. Katikati ya duara kuna mji wa Caerleon. Kila mji umekaa kwenye ardhi yake. Lymhurst ni msituni, miti ndiyo mingi. Fort Sterling ni milimani, mawe ya chuma. Thetford ni kwenye vinamasi, nyuzi za nguo. Bridgewatch ni nyikani, ngozi. Martlock ni nyanda za juu, mawe ya kujengea.

Sasa wageni wote hushangaa jambo moja: kila mji una nyongeza ya kuchakata malighafi, lakini siyo ile inayopatikana mlangoni kwake. Miti ya Lymhurst inachakatwa vizuri Fort Sterling. Chuma cha Fort Sterling kinataka Thetford. Nyuzi za Thetford zinataka Lymhurst. Ngozi za Bridgewatch ziende Martlock, na mawe ya Martlock yaende Bridgewatch. Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji somo hapa. Korosho inaokotwa Tandahimba, lakini sehemu kubwa inapakiwa ghafi melini kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Anayebangua ndiye anayebaki na kitu, na katikati kuna msafirishaji. Waliotengeneza gemu wamefanya hivyo makusudi, ili barabara zisikose mizigo na wezi wasikose kazi.

Tofauti yake kwa hesabu ni hii. Ukichakata kwenye mji usio na nyongeza ya malighafi hiyo, unarudishiwa kama asilimia 15 ya ulichoweka. Kwenye mji wenye nyongeza ni kama 37. Ukiongeza na fokasi, ile nguvu anayopata mwenye primiamu, inafika karibu 54. Chukua magogo 1,000: Lymhurst unarudishiwa kama 152, Fort Sterling kama 367, na Fort Sterling kwa fokasi kama 539. Siyo hesabu ya kupuuza hata kwa gildi ya starehe. Fokasi nayo inaingia 10,000 kwa siku na inajaa ikifika 30,000, kwa hiyo asiyeigusa zaidi ya siku tatu, ya siku zinazofuata inamwagika bure. Kumbukeni hilo mkipanga siku za kuchakata.

Mwalimu alipoona hizo asilimia alitaka tuhamie Fort Sterling jioni ileile. Hoja yake ilikuwa nzuri: gildi ni ya wakata miti, mbao zinapatikana Fort Sterling, na mji wenyewe uko kati ya Lymhurst na Thetford, siku tukichoka miti tunashika chuma. Nikamuuliza, nesi atakata miti wapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo umenikamata, dada."

Ndiyo jibu la gildi ya starehe lilipo. Kaeni malighafi inapopatikana, siyo inapochakatwa. Kukusanya ni kazi ya kila siku ya kila mtu, kuchakata ni kazi ya watu wachache mara mbili kwa wiki. Mtu wa dakika arobaini atoke lango la Lymhurst, miti iko hapo, akate, arudi, atumbukize kwenye kasha, alale. Magogo yakijaa, wenye nguvu wanayapeleka Fort Sterling kwa msafara. Wasio na mzigo wanaotaka kwenda kutumia fokasi yao kule wanaweza kulipia usafiri wa moja kwa moja mjini. Mzigo ndio unaopandisha nauli, mtu mtupu halipi nyingi.

Mkiwa wachunaji wa ngozi na wavunja mawe kwa pamoja, mna bahati kuliko sisi. Bridgewatch na Martlock zinapakana, ngozi inakwenda huku, mawe yanarudi kule, ng'ombe wenu hatembei mtupu hata safari moja. Wenye nyuzi wana shida kidogo, maana kutoka Thetford mpaka Lymhurst mnaipita nchi nzima ya Fort Sterling. Nisingeanzisha gildi changa kwa nyuzi.

Watengenezaji wa silaha wana nyongeza zao za mji, ndogo kuliko za kuchakata. Pinde na panga ni Lymhurst, na hiyo ndiyo iliyomtuliza mwalimu. Mikuki, nyundo na fimbo za uponyaji ni Fort Sterling. Rungu na fimbo za moto ni Thetford. Mashoka na fimbo za barafu ni Martlock. Visu na pinde za mtambo ni Bridgewatch. Itumieni kama kura ya mwisho miji miwili ikilingana, msiifanye ndiyo sababu.

Caerleon siishauri. Soko lake ni kubwa na Soko Jeusi, linalonunua silaha na mavazi ya wachezaji, liko hukohuko, lakini kila njia ya kuingia na mzigo inapita kanda nyekundu, na kanda nyekundu ukiuawa unaachwa mtupu. Mji wa Brecilien haufikiwi kwa barabara ya kawaida, unapitia Ukungu, eneo linaloitwa Mists ndani ya gemu. Ni mji mzuri kwa mtu mmoja anayependa kutangatanga, siyo kwa nesi.

Simu mbovu kuliko zote iende mbele

Hili sijaona likiandikwa mahali. Miji haina uzito sawa kwenye simu. Uwanja wa benki na soko ukijaa watu na farasi wao na mabawa yao, simu ya bei ya chini inaganda. Na mji upi umejaa inategemea seva na saa, msiamini mtu aliyewaambia mwaka juzi.

Kwa hiyo chukueni simu dhaifu kuliko zote ndani ya gildi. Kwetu ni ya binamu yangu wa Mitwero, kioo kina ufa kama ramani ya mto Rovuma na betri imeanza kuvimba. Nilimwambia aingie kila mji saa tatu na nusu usiku, asimame mbele ya benki, afungue kasha, aende sokoni, atafute kitu kimoja, arudi. Nikakaa pembeni yake na kikombe cha chai. Mji mmoja, wala siutaji, alibonyeza kasha na likafunguka nilipokuwa nimeshamaliza chai nusu. Lymhurst ilisuasua lakini ikafunguka. Kama simu ile inapita, zote zinapita. Mpunguze na ubora wa picha kwenye mipangilio kabla ya kuhukumu.

Wakati huohuo wa matembezi, angalieni soko. Kila mji una soko lake na benki yake, kitu ulichoweka Martlock hukioni Thetford. Tazameni bidhaa yenu ina wanunuzi wangapi wanaosubiri na bei yao, siyo bei ya wauzaji, maana yeyote anaweza kuweka bei ya ndoto. Tazameni na ada za karakana. Karakana zinamilikiwa na wachezaji na wao ndio wanaopanga ada, mwenye tamaa anaweza kula ile asilimia yote mliyoihamia.

Safari ya ng'ombe ijaribiwe kabla ya kuhama

Msinunue kitu. Wekeni magogo kidogo benki, mfanye msafara mmoja wa kweli, na watu walewale watakaoufanya siku zote, kwa saa zilezile.

Msafara wetu wa majaribio ulikuwa hivi. Fundi wa Masasi juu ya ng'ombe, kwa sababu ana kompyuta na intaneti isiyokatika hovyo. Vijana wa Mikindani mmoja mbele mmoja nyuma. Mwalimu yuko Newala, amekaa barazani amejifunika shuka, maana usiku kule juu kuna baridi na ndani ya nyumba mtandao haushiki. Wote tuko hewani kwenye simu ya kundi. Tulichagua njia ya kanda ya njano: ukiangushwa pale unapoteza muda na silaha inachakaa, lakini mzigo unabaki wako. Ng'ombe anatembea pole, ana magogo mgongoni, ukiangushwa kutoka juu yake uzito wote unakuwa wako na hutikisiki.

Kijana wa mbele akasema, "Dada, kuna wawili wamesimama, majina mekundu."

"Wana nini?"

"Mmoja ana mbwamwitu. Hawaendi kokote, wanatuangalia tu."

Fundi hakusema kitu, alimgeuza ng'ombe akapita nyuma ya miamba. Kijana wa nyuma akabaki njiani akijizungusha na farasi wake ili wamtazame yeye. Wakamtazama, wakamfukuza. Alipokata kona ya pili umeme ukakatika Mikindani, kipanga-njia cha jirani alichokuwa anakitumia kikazima, na sauti yake ikatoweka hewani. Mhusika wake akabaki amesimama tu katikati ya njia mpaka wakamwangusha. Akarudi kwa bando baada ya dakika chache akitukana kwa heshima, kama wanavyotukana vijana mbele ya dada yao. Magogo yakafika.

Msafara kama huo unawaonyesha mengi. Nani mtulivu, nani anaropoka, njia ipi ni ndefu kwa bando la watu wenu, na nani asiwekwe juu ya ng'ombe. Angekuwa kijana yule ndiye mwenye mzigo, na njia ingekuwa nyekundu, tungelia. Ndiyo maana mji wa gildi ya Kusini uwe na njia ya bluu, ambayo ni salama, au ya njano mpaka kwenye mji wake wa kuchakata. Miji miwili inayopakana kwenye lile duara ina njia hiyo.

Mkialikwa kanda nyeusi

Mkishaonekana mnajipanga, gildi kubwa itawaandikia. Watawakaribisha kwenye maficho yao kule Outlands, ndiyo kanda nyeusi yenyewe, watawaambia malighafi ya daraja la juu iko hukohuko, na ni kweli iko. Maficho yalianza Januari 2020 na ni makazi halisi ndani ya kanda nyeusi. Lakini yana saa yake ya kushambuliwa, na saa hiyo ikifika wenyeji wanataka watu wote wawepo, na nesi yuko wodini. Mpangaji asiyekuja vitani anachukiwa haraka. Jibuni kwa adabu, shukuruni, msichome daraja. Hamkosi kitu: kila mji wa kifalme kati ya ile mitano una lango la kwenda kanda nyeusi. Usiku mkijisikia, vaeni nguo za bei rahisi, ingieni, fukuzwaneni, mrudi kulala Lymhurst.

Nani aseme mwisho

Hapa ndipo gildi za kwetu zinapoharibikia, na vitabu vya wazungu vya kuongoza gildi havitawasaidia. Sisi ni watu wa heshima. Mwalimu akisema kwanza kwamba anaona Fort Sterling ni pazuri, vijana wote wataandika "sawa mwalimu", wataweka na kidole gumba, halafu wiki ya pili hawaonekani. Hawakukubali, walinyamaza.

Kwa hiyo wakubwa waseme mwisho. Kiongozi asiseme kabisa mpaka kura ifungwe. Mimi niliwaambia wadogo wanitumie ujumbe wa sauti faragha, mmoja mmoja, kila mtu aniambie mji asioutaka na sababu yake. Mji wanaoutaka hawatausema, wanaona kama wanajipendekeza. Mji wasioutaka wanausema haraka. Mmoja aliniambia, "Dada, Thetford kunanitia huzuni, kama nyumbani masika." Nikaandika. Mtu ambaye mandhari inamtia huzuni haingii kucheza.

Baada ya hapo pigeni kura kwenye kundi la WhatsApp, wapige wale tu walioingia wiki mbili zilizopita. Na msipige kura msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada ikianza, nusu ya watu wako mashambani au ghalani wanafuatilia stakabadhi, na fundi wa Masasi hapokei hata simu kwa sababu malipo yakiingia kila mtu anataka simu mpya. Mkiamua bila yeye, mmeamua bila ng'ombe.

Kununua kisiwa

Kisiwa cha gildi kinanunuliwa ndani ya mji na kinabaki cha mji huo. Kwa hiyo kaeni kwanza kama wageni, mtumie benki ya kawaida, mpaka muone watu wanarudi Lymhurst wenyewe bila kukumbushwa. Ndipo mchange silva.

Mchango uwe wa hiari na uonekane, aliyetoa kumi na aliyetoa elfu waandikwe orodha moja. Msipandishe kodi ya gildi ghafla ili kupata kisiwa, watu wanaona kama wanakatwa bila kuulizwa. Daraja la kwanza la kisiwa linatosha kuanzia, kupandisha kunagharimu zaidi kila hatua na hamuhitaji vyumba vya vibarua kabla hamjawa na watu wa kuwahudumia.

Makasha yawe mawili tangu siku ya kwanza. Moja la wote, mgeni anachukua shoka na chakula bila kuomba. La pili la magogo ya msafara, wenye ruhusa ni watatu na majina yao yanajulikana. Kikulacho ki nguoni mwako, na kasha lililo wazi kwa wote halimshtaki mtu likikutwa tupu.

Kisha andikeni ujumbe mmoja, ubandikwe juu ya kundi, ili kila anayeingia aulize mara moja tu. Wetu unasema hivi:

"Karibu. Seva Ulaya, nyumbani Lymhurst, kisiwa kiko kwa jina la gildi, mwombe dada au mwalimu ruhusa. Kasha la kushoto ni lako, la kulia usiliguse. Magogo yako ya ziada tumbukiza, utapata mbao. Msafara Jumatano na Jumamosi saa tatu na nusu usiku. Mwenye chaji chini ya asilimia 30 asipande ng'ombe."